Naombeni ushauri: kwenda Rovaniemi kuangalia rali ya theluji

Assalaam alaykum wakubwa zangu.

Mimi na binamu yangu, wa Mwanakwerekwe, Unguja, sote, tumeazimia Januari twende Rovaniemi, Ufini, kwenye Arctic Lapland Rally. Naivasha, Kenya, kwenye Safari Rally tulishafika, vumbi la njia ya Kedong tumelila mpaka likatutokea puani. Lakini gari yenye misumari kwenye matairi ikiteleza juu ya barafu, hiyo hatujaiona kwa macho yetu.

Kinachonitisha ni baridi. Kipupwe tu cha Julai nalala na blanketi. Huko inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na kusimama msituni kungojea gari ni masaa. Darajani nimenunua koti la mtumba, zito kama godoro, ila zipu inakwama kifuani. Binamu yeye anashikilia soksi tatu na raba zinatosha. Mimi sikubali.

Waliowahi kuishi kule: viatu tununue huku au tukakodi huko huko? Na sala je? Jua lenyewe huonekana masaa machache, adhuhuri na alasiri mnazipangaje mkiwa porini?