London hadi Tokyo: moja kwa moja au kupitia njiani?

Msafiri_Mpole: Wakuu, habari zenu. Nataka kukata tiketi ya London kwenda Tokyo wiki hii. Kikokotoo cha umbali kinasema kilomita 9,600 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa nilitegemea saa 11, lakini ndege ya moja kwa moja imeandikwa karibu 14. Saa tatu zote hizo zinaishia wapi? Zinazopitia Istanbul au Beijing ni nafuu. Nishaurini.

Kiti_cha_Dirishani: Kikokotoo kinapima njia fupi kuliko zote, na njia hiyo inakatiza Urusi. Tangu 2022 mashirika ya Ulaya na Japani hayapiti huko. Kwenda wanazunguka kusini, kupitia Uturuki, Bahari ya Kaspi na Asia ya Kati. Helsinki–Tokyo ndiyo iliyoumia zaidi: ilikuwa saa 9 na ushee, sasa ni 13.

Mama_Begi: Uwanja gani wa Tokyo, Haneda au Narita? Mwezi gani? Mizigo mingapi? Tiketi moja au mbili? Usipotuambia tutabahatisha tu.

Tembo77: Pitia Beijing! Mashirika ya China bado yanapita Urusi. London–Beijing ni saa 10 hivi, kisha tatu na nusu. Ukipata la kusubiri muda mfupi, unawakaribia hao wa moja kwa moja, na hela imebaki mfukoni.

Nuru_K: "Kusubiri muda mfupi" ndiko kulikoniliza. Nilikata tiketi mbili za mashirika tofauti, saa mbili za kubadilisha ndege. Ya kwanza ikachelewa saa moja na nusu. Begi halikuunganishwa, ikabidi nilisubiri kwenye mkanda, nipite uhamiaji, nipande ghorofani kujisajili upya. Nafika, dirisha limefungwa. Shirika la pili likasema si kosa lao, la kwanza likasema limenifikisha nilikolipia. Nililala kwenye viti na kununua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo. Sitarudia.

Tembo77: Pole dada, ila hilo ni kosa la tiketi mbili, si la Beijing.

Kiti_cha_Dirishani: Wakati wa kurudi, ndege nyingi za Tokyo–London hupita Alaska na Greenland. Chagua dirisha!

Tembo77: Alaska? Huko si kuzunguka dunia nzima?

Kiti_cha_Dirishani: Chukua tufe, tandaza uzi. Ramani bapa hutanua maeneo ya kaskazini, ndiyo maana njia hiyo inaonekana ndefu. Isitoshe, pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Kurudi kwa njia ya kusini ni kupigana nazo muda wote.

Msafiri_Mpole: Samahani kwa kuchelewa. Ni Narita, mabegi mawili, tiketi mbili, saa mbili Beijing.

Nuru_K: Ndugu yangu, acha!

Mama_Begi: Narita nayo iko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya jiji. Saa ya treni umeihesabu?

Msafiri_Mpole: Hapana. Hiyo Greenland, nikae upande gani?