Naomba ushauri: viza ya H-2A na shamba lenye ng'ombe wa maziwa

Habari zenu wakuu. Nasimamia shamba hapa Marekani, tunafuga ng'ombe wa maziwa na pembeni tunalima mboga. Watu wetu wa zamani wanapungua, na wenyeji tukitangaza kazi wanakuja wachache, tena hawadumu.

Kwa mboga tunafikiria H-2A, viza ya kuleta wafanyakazi wa shambani kutoka nje ya nchi. Haina kikomo cha idadi kwa mwaka, hapo sina neno. Ila mwajiri anatoa nyumba bure, nauli ya kuja na ya kurudi kwa anayemaliza mkataba, mshahara usioshuka chini ya kiwango cha serikali, na anatakiwa kuwahakikishia angalau robo tatu ya saa za mkataba, mvua inyeshe isinyeshe. Nimepiga hesabu mara mbili, inabana.

Kinachoninyima usingizi hasa ni zizi. Viza hiyo ni ya kazi za msimu au za muda, na ng'ombe hana msimu, anakamuliwa kila siku. Tajiri alitaka watu wa mboga wasaidie kukamua jioni. Nikakataa, maana wanapaswa kufanya kazi iliyoandikwa kwenye mkataba tu (alinuna siku nzima).

Kuna aliyewahi kuomba H-2A kwa pamoja na mashamba jirani kupitia chama cha wakulima? Gharama zilipungua kweli? Na kwa wenye ng'ombe: mlipokosa wakamuaji, mlinunua roboti za kukamulia au mlipunguza mifugo? Tunatakiwa kuamua kabla ya msimu wa kupanda.