"Unalipwa kubadilisha majina?" Leo nimedhalilishwa, wakuu

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Nyote mnamjua. Yule yule mwenzangu wa kazini.

Nilikabidhiwa methodi ya malipo (kipande cha programu, kwa Java) yenye mistari 340. If (sharti) ndani ya if ndani ya if, mabano yanateremka kama ngazi za kuzimu. Kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kinaitwa d. Kingine d2. Kingine, haki ya Mungu, dd! Katikati kuna 86400000, imekaa kama kaburi lisilo na jina. Nikaipa jina: MILISEKUNDE_KWA_SIKU, static final, yaani thamani isiyobadilika. Zile if nikazinyoosha: sharti likigoma, return, mtu atoke hapo hapo. Hesabu ya riba nikaichomoa, ikawa methodi yake. Majaribio yote yamepita. Matokeo hayajabadilika hata senti.

Asubuhi kikaoni anafungua kazi yangu kwenye skrini kubwa, anashusha, anapandisha, kisha: "Wewe unalipwa kubadilisha majina?"

Watu wakacheka. Mpaka dogo wa fildi aliyeripoti Jumatatu kacheka!

Unalipwa kubadilisha majina! Na anayeuliza ndiye baba mzazi wa dd! Mwezi uliopita kakesha siku mbili anatafuta kosa humo humo kwenye dd yake! Unalipwa kubadilisha majina. Nitazikwa nayo hii sentensi.

Mzee wa Mabano: Pole. Ila mistari 340 kwa mkupuo mmoja hata mimi ningekuwakia. Peleka kidogo kidogo, leo jina, kesho if.

Mleta uzi: Vilikuwa vipande 9, kila kimoja na maelezo yake! Hakufungua hata kimoja!

Kompaila Mkali: Kulia kote huku, dd ni nini sasa?

Mleta uzi: Siku za kuchelewa kulipa. Kuligundua hilo tu kumenila siku nzima.

Binti Semikoloni: Mna raha nyie. Kwetu mtu kalinganisha Integer mbili (namba zilizofungwa kama vitu) kwa ==, inayoangalia kama ni kitu kile kile, si thamani. Hadi 127 inakubali, 128 inagoma. Tumehangaika wiki nzima tukilaumu hifadhidata.

Kompaila Mkali: Hahaha, 128! Hakusikia habari za equals, inayolinganisha thamani?

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Kaniambia NALIPWA KUBADILISHA MAJINA.

Mtumwa wa Java 8: Sisi tuko kwenye toleo la 2014 mpaka leo, hata var, njia fupi ya kutangaza kigeu, hatuijui. Ukiomba kuhama unaambiwa "si inafanya kazi?"

Binti Semikoloni: Java 8 na mishahara inatoka kwa wakati?

Mtumwa wa Java 8: Tarehe 25, haijawahi kuruka.

Mzee wa Mabano: Mnaajiri?