Hivi nyie waendesha kaiti mnaopita juu ya vichwa vya watoto, mna akili timamu kweli?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe lugha. Na kabla hamjaanza kuniuliza "wewe unajua nini kuhusu kaiti", huu ni mwaka wangu wa tisa naendesha. Kwa ambao hawaujui mchezo wenyewe: ni tiara kubwa, ya mita za mraba kuanzia 5 hadi 15 na zaidi, imefungwa kwa kamba kwenye mkanda wa kiunoni, nawe umesimama juu ya ubao unavutwa majini. Mchezo mtamu sana. Wanaouharibu ni wenzangu wenyewe, ndiyo maana leo nimeamua kuwaanika.

Jumamosi jioni sikubeba kaiti. Nilikuwa nimesimama majini, yananifika kiunoni, namfundisha mpwa wangu wa miaka saba kuelea chali. Kiganja changu kiko chini ya mgongo wake, naye kila sekunde mbili, "Mjomba usitoe, usitoe." Kando yetu watoto wengine, akina mama watatu wa makamo wanaokuja kunyoosha viungo, na mzee mmoja anayeogelea taratibu sambamba na ufuko kila siku ya Mungu. Upepo unatoka baharini kwa ubavu, mzuri, ila unakuja kwa mivumo ya ghafla.

Akaja kijana mmoja. Mara ya kwanza akapita kati yetu na ufuko. Kati yetu na ufuko, jamani, wakati bahari yote iko nyuma yetu! Mwenzake yuko nchi kavu ameinua simu anarekodi. Nikasema labda kapotea njia, nikampungia mkono asogee mbali. Naye akanipungia, anadhani nashangilia. Akafika mbele, akageuza, akarudi upande wa nje, safari hii akaruka. Kaiti ikampita juu, kamba zikalegea, ikaanguka paa majini, upande wetu wa pili. Yaani yeye yuko kule, kaiti iko huku, na sisi na watoto wetu tuko katikati, ndani ya kamba nne.

Hapa ndipo pa kuelewa. Kamba iliyolegea haikati mtu. Inaelea tu juu ya maji, unene wake milimita mbili au pungufu, hata huioni. Inakata pale kaiti inapoinuka tena na kamba kukaza kwa mpigo mmoja, maana imefumwa kwa nyuzi ngumu ajabu, inabeba kilo mia kadhaa bila kukatika, na wakati huo tayari imeshauzunguka mguu wako. Kwa hiyo mtu ambaye kaiti yake imeangukia watu ana kazi moja tu duniani, kufyatua. Kifyatuo kiko hapo mbele ya tumbo lake. Unakisukuma, basi, imekwisha.

Yeye akawa anavuta kamba ya nyuma ili kaiti iinuke.

Nilimwona kwa macho yangu. Nikapiga kelele "Fyatua! Fyatua!" hadi sauti ikakwaruza. Akaendelea kuvuta. Kaiti ikasimama kwa ncha juu ya maji, ikaanza kutetemeka, na mtu aliyewahi kuishika anaujua ule mtetemeko, nikajua hii inaondoka. Nikamnyanyua mtoto kumtupia begani. Kamba ikampitia kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto, mstari mmoja mwekundu, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Si kidonda cha kuingia ndani. Ni kama kuungua, ngozi ya juu imekwenda. Mmoja wa wale akina mama alijizamisha chini ya maji, ikampita juu ya kichwa, na kwa akili yake alituzidi wote pale.

Nikamfuata nchi kavu. Sikumtukana, naapa. Nikamuuliza, kijana, kwa nini hukufyatua? Anajibu bila hata kuona haya: "Mzee, ningefyatua ningepoteza kaiti. Halafu hapa sehemu ya wazi, na nyie muwe mnaangalia mnakokaa."

Tuanze na hilo la kupoteza kaiti, kwa sababu ni uongo, na ni uongo unaonyesha kwamba hajui anachokivaa kiunoni. Ukifyatua kile kifyatuo cha kwanza, kaiti haiendi popote. Inabaki imeshikwa na kamba moja ya usalama, inapeperuka kama bendera, nguvu karibu zote zimekwisha, na unaweza kuivuta taratibu mpaka uikamate. Kinachoiachia moja kwa moja ni kifyatuo cha pili, na hicho ni cha siku mbaya kuliko zote. Kuna hadi kiwango cha kimataifa, ISO 21853 cha mwaka 2020, kinachosema vifyatuo hivi vipimwe namna gani. Watu wamekaa maabara wakavipima, wewe ufukweni unaona aibu kukitumia kwa sababu mwenzako anarekodi.

Na hiyo sifa ya kaiti kuinuka yenyewe majini ndiyo iliyoufanya mchezo huu uwepo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kaiti yenye mabomba ya hewa mwaka 1984, na shida waliyokuwa wakiihangaikia ilikuwa hiyohiyo: ikianguka majini, iinuke tena. Waliiweza. Sasa kitu kilichotengenezwa makusudi kiinuke kirahisi, wewe unakiangusha katikati ya watoto halafu unakiamsha!

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na hili nataka kila mwendesha kaiti alisome mara mbili. Mabaharia wana maneno mawili, joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Kila kinachoharibika kwenye kaiti kinaelekea demani. Kaiti ikikuponyoka inakwenda demani, na ubao vilevile. Mwanafunzi asiyejua anaburutwa demani. Ukishikwa na mvumo wa ghafla ukanyanyuliwa hewani, huko huko demani ndiko utakakotua. Hakuna hata siku moja kaiti imeharibika ikaenda joshini. Kwa hiyo swali la usalama ni moja tu: demani kwako kuna nani? Kama kuna watu, wewe ndiye unayetakiwa kuhama, hata kama ulifika alfajiri ukawakuta hawapo.

Hebu chukua vipimo vya kawaida. Kamba zina urefu wa mita 20 hadi 25 hivi. Kaiti yako inaweza kufika popote ndani ya nusu duara la mita hizo, karibu mita za mraba 1,000, lote liko demani kwako, na unalisogeza kwa mwendo wa bodaboda. Mtu anayeogelea anahitaji nafasi ya mikono yake miwili. Ndiyo maana waliotufundisha walisisitiza angalau mita 50 za maji matupu upande wa demani kabla hujaruka, yaani urefu wa kamba mara mbili. Hawakuzitoa hewani. Tena upepo nao una hesabu yake: ukizidi mara mbili, nguvu inayovuta kaiti inazidi mara nne. Ule mvumo uliokuchekesha ukiwa peke yako nje ndio unaokutoa kwenye ramani ukiwa karibu na watu.

Halafu ufuko wenyewe. Kuna shule inayofundisha kaiti, siitaji, wenyewe wanajijua. Wameweka wanafunzi wao joshini mwa sehemu ya waogeleaji. Joshini! Watu wa siku ya kwanza, ambao hata kuisimamisha kaiti juu bado ni mtihani, wanateremka na upepo moja kwa moja hadi kwa watoto. Kila siku nasikia mwalimu anapiga filimbi. Filimbi haimsimamishi mtu anayeburutwa, ndugu yangu. Hamisha darasa mita mia tatu upande wa demani, shida yote imekwisha, na haigharimu kitu isipokuwa kutembea. Niliwaeleza hivyo mwezi uliopita, nikaambiwa huko kuna mawe kidogo na wateja hawapendi.

Mengine nayapitia haraka maana nikianza sitamaliza. Mnaacha kamba zimelala mchangani kama nyavu za mtu aliyekufa, mnakwenda kukaa kivulini, watu wanakatiza humo. Mnaacha kaiti bila mchanga wa kutosha juu yake, au mnaiwekea ubao, eti ndiyo uzito. Mnamwomba mpita njia ambaye hajawahi kuona kaiti akushikie uirushe, hajui hata ashike wapi, mvumo ukija anashika kamba. Na nyie wa foili, ule ubao unaonyanyuka ukapaa juu ya maji, ndio siwaelewi kabisa. Chini ya ubao wenu kuna mlingoti karibu mita nzima na bawa lenye kingo kama panga, halafu hamtoi sauti. Ubao wa kawaida angalau unapiga maji, mtu anasikia anageuka. Nyie mnakuja kimya.

Nisijifanye malaika. Mwaka wangu wa pili niliiacha kaiti ufukweni nimeirushia viganja viwili vya mchanga tu, nikaenda kuzungumza. Nilipogeuka, inabingirika kuelekea kwa familia iliyotandika mkeka. Baba mmoja aliizuia kwa mgongo wake. Hakuniambia neno, alinitazama tu. Mpaka leo nikifukia kaiti naongeza mchanga mara tatu kwa sababu ya yale macho.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi kwa sisi sheria tunazijua kwa moyo. Aliyetanguliza mkono wa kulia ana haki ya njia. Mkipishana, wa joshini ananyanyua kaiti yake, wa demani anaishusha. Anayeingia majini anapewa nafasi na anayetaka kutoka, maana nchi kavu ndiko kuna mifupa kuvunjika. Mtu akikosea hapo tunamzomea wiki nzima. Lakini mbele ya mtu aliyevaa nguo ya kuogelea, asiye na kaiti, sheria zote zinayeyuka.

Na msiniletee ile ya "mimi mzoefu". Mwaka 2002 Mjerumani Silke Gorldt, mtu wa mashindano kabisa, alifariki kisiwani Fehmarn baada ya kamba zake kushikana na za mwendesha mwenzake. Wote wawili walikuwa wanajua wanachokifanya. Yule mtoto wangu alikuwa anajua nini? Kaiti iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Paris 2024, mbio zikafanyika kwenye maji ya Marseille, tukaangalia wote, nikashangilia. Lakini pale walikuwa na eneo lao la mbio. Hakuna aliyekata kona mbele ya mtoto anayejifunza kuelea ili apate video.

Na asije mtu hapa na "ajali haina kinga". Hii ilikuwa na kinga tatu. Angeendesha nje. Asingeruka. Angefyatua. Zote tatu alizikataa mwenyewe.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyesema waogeleaji nao wana makosa: ndiyo, wapo. Wapo wanaosimama kati ya mtu na kaiti yake wapige picha, wapo wanaoruka kamba kama watoto wanaocheza. Bado. Wao hawazioni kamba, wewe unajua zilipo.

Aliyeshauri tuendeshe alfajiri ufuko ukiwa mtupu: angalia upepo kwanza. Wakati huo mara nyingi unavuma umande, unatoka nchi kavu kwenda baharini. Kaiti ikikufia huko unasukumwa nje, na anayekutafuta hakuoni. Upepo huo usiingie kabisa bila boti ya kukufuata.

Mama aliyeuliza afanye nini kamba zikimwangukia: usizishike kwa mikono, wala usijizungushie ukidhani unamsaidia mwenye kaiti. Zinyanyue juu ya kichwa kwa mgongo wa mkono au uzame zipite, kisha toka haraka katikati ya mtu na kaiti yake, huku unapiga kelele afyatue. Ukiikuta kaiti yenyewe ufukweni inahangaika, kamata lile bomba nene la mbele katikati, ilaze kifudifudi, ijaze mchanga.

Wa "una wivu tu, umezeeka", sina la kukujibu.

Na mnaomuulizia mtoto, anaendelea vizuri, asanteni. Alama bado ipo. Jana aliniomba turudi, nikasita, akasisitiza. Tulipofika wale wa shule wako palepale. Sikusema kitu, nilikuwa namfungua kamba za viatu kiatu cha kwanza. Yeye akalowesha kidole kwa mate, akakiinua juu, akakaa kimya kidogo. Halafu akanishika mkono akaanza kunivuta upande wa joshi, kiatu kimoja mguuni, hatua kama mia mbili, mpaka tukawapita wote.