Kambi ya wafanyakazi iwe mita ngapi kutoka kisima cha mafuta?

Mwanatanga: Tujadili bila matusi. Bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limewapeleka vijana wetu makambini, na wapo waliovuka hadi kwenye visima vya Ziwa Albert. Kisima kikifoka saa nane usiku, waliolala kwenye makontena wanapatwa na nini, na nani amelipima hilo? Mimi nasema kilomita moja iwe kima cha chini, iandikwe kwenye sheria.

Fundi Vali: Kilomita moja umeitoa wapi? Umbali unapigiwa hesabu: presha ya kisima, aina ya gesi, upepo unavuma kwenda wapi, bonde liko upande gani. Mafuta ya Albert yana salfa kidogo, ile inayoleta gesi ya sumu, usiwatishe watu. Halafu tuseme kweli, nusu ya kambi ni wapishi na wafua nguo. Mambo ya visima hayawahusu.

Mama Zuwena: Hayawahusu? Mdogo wangu alikuwa akiamka saa tisa usiku kukuwashieni majiko mle uji kabla ya zamu. Alilala kontena lilelile la bati mlilolala nyinyi. Umenikera sana, Fundi.

Kobe wa Pwani: Dada, uko sahihi. Kile kiwanda cha kampuni ya mafuta ya BP kule Texas, Marekani, 2003 kama sijasahau, waliokufa hawakuwa hata waendeshaji wa mtambo uliolipuka.

Fundi Vali: Ni Machi 2005. Tena ni kiwanda cha kusafishia mafuta, si kisima, na yale matrela yalikuwa ofisi. Hakuna aliyekuwa amelala.

Kobe wa Pwani: Mwaka chukua. Waliokufa ni 15, wote ndani ya matrela au pembeni yake, watu wa wakandarasi waliokuja kwa kazi ya mtambo mwingine. Trela la karibu lilikuwa mita 37 hivi kutoka pale mafuta yalipofoka. Kama ofisi ya mchana iliua hivyo, kitanda cha usiku je? Ndiyo maana 2007 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa mwongozo wa mahali pa kuweka majengo ya kuhamishika.

Fundi Vali: Sikusema wapishi wafe, msinilishe maneno. Nimefanya kazi jangwani Oman. Kila mtu alipewa kipima gesi, unakibana kifuani.

Mama Zuwena: Kila mtu, hata mpishi?

Fundi Vali: Waliokwenda kisimani.

Mama Zuwena: Basi umejibu mwenyewe.

Fundi Vali: Kipima gesi kinagharimu, na kinataka mtu aliyefunzwa. Huwezi kugawa kama sabuni.

Mama Zuwena: Wafunze! Mtu anayeweza kulisha watu mia nne kwa wakati anashindwa kuelewa king'ora?

Mkaazi wa Bondeni: Na walio nje ya uzio mbona hamwataji? Chongqing, China, Desemba 2003, kisima cha gesi kilifoka usiku, gesi ya sumu yenye salfa, hidrojeni salfaidi, ikaua watu 243, wengi wanakijiji. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, inateremka mabondeni. Ikiwa kidogo inanuka mayai viza, ikizidi pua haisikii kitu. Kwa hiyo mita peke yake hazitoshi. Kambi ya mbali iliyo bondeni, upepo unakoelekea, inaweza kuwa mbaya kuliko ya karibu iliyo juu.

Fundi Vali: Hilo ndilo nililosema mwanzo, upepo na bonde. Na nimeshasema Albert salfa ni kidogo.

Kobe wa Pwani: Salfa ndogo haizuii moto wala mlipuko.

Mwanatanga: Jamani, mita zangu?

Mkaazi wa Bondeni: Kwanza tuone orodha ya watu ambayo waliopanga umbali waliipigia hesabu. Kama imehesabu zamu ya kisimani tu, ikawaacha jiko, dobi, walinzi na mama ntilie wa getini, hata ukipewa kilomita mbili mimi siziamini.

Mama Zuwena: Na ibandikwe ukutani jikoni, kwa Kiswahili. Fundi, bado nakusubiri kuhusu king'ora.