Jukwaa linagoma kila jioni: nihamie VPS au nibaki hostingi ya pamoja?

Mfugaji_Pwani

Wakuu, habari za kazi. Ninaendesha jukwaa la wafugaji wa kuku kwa phpBB 3.3 (programu ya majukwaa), kwenye hostingi ya pamoja (seva moja, wateja wengi) yenye paneli ya cPanel. Wanachama wamevuka 3,000, picha za mabanda na kuku wagonjwa zimefika GB 9, databesi GB 1.4. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 usiku linatoa kosa 508 (kikomo cha rasilimali kimefikiwa). Kampuni inanishauri nipande kifurushi cha "bila kikomo", jamaa mmoja ananisukuma niende VPS (seva pepe yangu mwenyewe) na Discourse, programu nyingine ya majukwaa. Bajeti TSh 40,000 kwa mwezi. Linux naijua kiasi: kuingia seva kwa SSH na kunakili faili, basi. Mngeniambia nichague nini?

fundi_seva

Mkuu, usilipie hicho kifurushi. Kosa 508 halitokani na diski wala trafiki, na hivyo ndivyo vitu ambavyo "bila kikomo" huhusu. Hostingi nyingi za pamoja zinatumia CloudLinux, mfumo endeshi ambao humwekea kila mteja idadi ya maombi ya PHP (lugha inayoendesha phpBB) yanayoweza kwenda kwa wakati mmoja, mara nyingi 20. Ombi la sekunde 0.2 huachia nafasi upesi, lakini utafutaji wa sekunde 6 huishikilia muda wote huo. Wakikutana watu wachache wanaotafuta "ndui" na roboti kadhaa zinazopekua mada za zamani, nafasi zimejaa na wengine wote wanakutana na 508. Soma masharti ya kifurushi hicho kipya: CPU, RAM na idadi ya faili bado vina kikomo.

Kabla ya kuhama, fungua logi ya saa hizo za jioni uone nani anaomba nini. Siku hizi roboti za kukusanya matini huchukua sehemu kubwa ya maombi, na ukihamia VPS zitakufuata huko huko. Zizuie kwanza. Kisha ingia kwenye paneli ya msimamizi wa phpBB, sehemu ya utafutaji, utoke kwenye faharasa yake ya asili (orodha ya maneno inayotumika kutafuta) uende MySQL Fulltext, faharasa ya databesi yenyewe. Faharasa ya asili huandika mstari kwa kila neno la kila posti katika jedwali la search_wordmatch. Sitashangaa ukikuta jedwali hilo limekula nusu ya GB 1.4 zako. Unda faharasa mpya usiku wa manane, halafu futa ya zamani.

Ukishafanya hayo, VPS ya RAM GB 2, CPU 2 na SSD ya GB 40 inakutosha, na kwa baadhi ya watoa huduma bei yake inaingia kwenye bajeti yako. Hesabu ya RAM ndiyo inayowaangusha wengi. MariaDB, yaani programu ya databesi, ipe innodb_buffer_pool_size (RAM ya kuhifadhi data inayosomwa sana) ya MB 512 (chaguo-msingi ni 128, ndogo mno kwako). Mchakato mmoja wa PHP-FPM, kiendeshi cha PHP, hula MB 40 hadi 60, kwa hiyo pm.max_children (idadi ya juu ya michakato hiyo) isizidi 12. Ukiweka 50 kwa kudhani ndiyo kasi, RAM itaisha, Linux itaua mchakato mkubwa kuliko yote, nao ni MariaDB, na wanachama wataona jukwaa limeshindwa kufikia databesi. Ongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2 kama akiba.

Discourse ni programu nzuri, lakini inataka programu nyingine tatu, Docker, PostgreSQL na Redis, kwenye cPanel ya kawaida haikai, na viungo vyote vya mada zako vitabadilika. Tatizo ulilonalo halihitaji hayo. Chagua programu kwanza, seva ifuate.

Dada_Databesi

Nakubaliana na fundi, ila amesahau barua pepe, na hapo ndipo majukwaa mengi huharibika baada ya kuhamia VPS. Watoa huduma wengi hufunga poti 25, njia ambayo seva hupelekeana barua, kwa wateja wapya. Wanachama hawapati kiungo cha kuwezesha akaunti wala cha kubadili nywila, wanaondoka kimya, nawe unadhani usajili umepungua tu.

Usitume kutoka kwenye seva yako. Tumia huduma ya kupitisha barua kwa SMTP kupitia poti 587, nayo ikiwa imefungwa jaribu 2525. Kwenye DNS (rekodi za domeni yako) weka SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua ni zako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanachama wako wengi bila shaka wako Gmail. Anwani ya jukwaa iwe ya domeni yako. Ukiweka ya gmail.com huku unatuma kwa seva nyingine, barua zinaishia kwenye spamu au zinakataliwa kabisa.

Kisauni_Net

Seva iwe wapi? Ulaya ni nafuu, Johannesburg au Cape Town ni karibu zaidi. Lakini ukaribu si kinga: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya zikayumba pamoja. Kwa bajeti yako chukua Ulaya, weka Cloudflare (mtandao wa seva unaokaa kati ya wasomaji na seva yako) mbele ili faili za muonekano wa jukwaa zitoke karibu na wasomaji.

Tahadhari moja kubwa hapo: bila kusanidi real_ip kwenye Nginx (programu ya seva ya wavuti), phpBB itaona IP za Cloudflare badala ya za wanachama. Ukimfungia mtuma spamu mmoja kwa IP, unafungia mamia.

Pia, taarifa za wanachama zikitoka nje ya nchi, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 kabla ya kulipa. Na hakikisha kadi ya malipo ina salio siku ya kulipia upya, maana VPS isiyolipiwa husimamishwa, kisha hufutwa pamoja na bekapu zilizomo.

Mfugaji_Pwani

Asanteni sana. Kuhama kwenyewe nianzie wapi nisipoteze posti?

fundi_seva

Siku moja kabla, shusha TTL ya DNS (muda ambao anwani ya zamani hukumbukwa) iwe sekunde 300. Picha zipeleke mapema kwa rsync (amri ya kunakili faili kati ya seva), folda ya files na ya images/avatars/upload. Saa ya kuhama, funga jukwaa kwenye paneli, vinginevyo posti zitakazoandikwa katikati zitabaki kule. Toa databesi kwa amri ya mysqldump yenye --single-transaction na --default-character-set=utf8mb4, rudia rsync, rekebisha config.php, futa yaliyomo kwenye folda ya cache. Jaribu kwa faili la hosts la kompyuta yako, ukielekeza domeni kwenye seva mpya: ingia, tuma picha, tafuta neno, omba nywila mpya. Vikikubali vyote vinne, badili DNS na ufungue. Ile hostingi ya zamani iache wiki nzima, lakini jukwaa la kule libaki limefungwa.