Futingi (kukimbia) ku L'shi (Lubumbashi, Kongo) bila gudro (lami): munapitaka wapi?

Magoti_Yangu
Jambo benu ba yaya na ba ndugu. Miye naishi komine ya Kenya, niko na miaka 38, kila asubui nafanya futingi ku gudro na sasa magoti inaanza kulia sawa mulango ya zamani. Muganga akaniambia acha gudro, tafuta udongo. Sawa, lakini udongo wapi? Mu kartie yetu udongo iko, ila iko na matofali, chupa, mitaro na ba moto benye habaangaliake mutu. Natafuta njia ya karibu kilometa 15, mahali pa tambarare kabisa, na mashamba pembeni na maji ya kuangalia, juu nilikomalia Kasenga kando ya Luapula, nikisikia harufu ya udongo yenye batu banatoka kumwangia maji miguu inaenda yenyewe. Rafiki zangu banasema L'shi haina mahali ya vile. Siamini, mji yote iko juu ya tambarare, metre 1200 na kitu, haina mulima ata moja wa maana. Munapitaka wapi, na saa ngapi? Ingine: niliona batu banavua viatu bavuke kamto, kiisha banaendelea. Iko sawa?

Kinga_Yangu
Ndugu, miye nilibeba makala na kinga (baiskeli) miaka sita mbele nipate kazi ingine, kwa hiyo njia za kuingia mu mji najua ata macho ikifungwa. Kwanza nikuambie yenye usifanye: usichukue barabara ya Kasenga saa kumi na saa kumi na moja ya asubui. Saa ile njo batu ba makala banaingia, kinga iko na saki tatu ao ine, freni ni kiatu tu, na kwenye kunateremuka hawezi kusimama juu yako weye unafanya sipore. Kama umeshalazimika kupita pale, kimbia upande wa kushoto, uone motokari na kinga zinakuja kwa uso, usizipe mugongo.

Yenye nafanyaka miye ni Kasapa. Unaacha kampasi ya UNILU (iniversite ya Lubumbashi) nyuma, unatafuta njia ya kinga (si ya motokari), ile kanjia kadogo kenye kako na alama ya pneu moja katikati, unakafwata. Kako laini, majani huku na huku, bichuguu mirefu kupita nyumba, mashamba ya mihindi. Ukienda mwezi wa tatu mihindi iko juu ya kichwa na huoni mutu, ukienda mwezi wa saba wameshavuna na baridi inakata masikio.

Ingine ni upande wa Kafubu. Na hii ndugu naona itakupendeza: maji ya mutoni Lubumbashi inaingia mu Kafubu, na Kafubu inaenda kuingia mu Luapula. So ukikimbia kufwata maji kule, uko unaelekea kwenu Kasenga, haha. Ila usinywe ile maji na usinawe uso, uchafu wa migodi umeingia mule miaka mingi. Na pahali unaona senyenge ya kampuni ya migodi geuka mara moja, mulinzi hatakuuliza kama ni magoti ndiyo yalikuleta.

Mama_Bilanga
Naona munaongelea mashamba sawa hayana benyewe. Miye nalima lengalenga (mchicha) na shu (kabichi) ku dembo (bonde ya majimaji), miaka kumi na moja sasa, na batu ba futingi tunabaona kila juma. Benye wanasalimia ni wachache. Mwanangu, ile njia unaona muzuri, iko laini, imenyooka, pembeni maji: ile haiko njia, ni ukingo wa planche (tuta) yangu. Nimeupandisha na mikono. Ukipita mara moja na hivyo viatu vyako unaubomoa, maji inatoka, na planche moja ya shu kwangu ni pesa ya shule ya mutoto.

Lakini haiko juu ya hiyo njo nakuandikia. Ni visima. Shiye tunachimba visima mu bustani, havina ukuta wala kifuniko, metre mbili ao tatu, na majani inamea pembeni paka kisima hakionekani. Saa kumi na moja kukiwa giza hutakiona. Mwaka jana kijana moja aliingia mu kisima ya jirani yangu, na telefone mukononi na muziki mu masikio. Tulimutoa na kamba, alipona, ila mukono ulivunjika na maji ya kisima tuliitupa siku mbili.

So ungoje jua litoke. Na kuna saa mbaya ingine: tunamwangia asubui mapema na magaribi, na arozware (ndoo za kumwangia) mbili mbili, njia yote inakuwa utelezi. Uje saa moja, saa moja na nusu, tumeshamaliza, kumekauka kidogo. Pita ku njia ya kinga, usikate katikati. Na salimia. Mutu mwenye tunamujua hata mbwa hatumufungulie.

Viatu_Vyangu
Mama Bilanga aksanti, hiyo ya visima sikuijua na nimepita kule mara mingi 🙈

Juu ya kuvua viatu na kuvuka: hapana, hapana. Miye nafanya kazi mu laboratware. Maji yenye inatembea polepole, na majani ndani, na tukonokono tudogo, njo mahali kichocho kinaishi. Hauhitaji kunywa, kale kadudu kanaingia ku ngozi, dakika chache tu, na mchana wa jua njo wakati mubaya zaidi. Utaona damu mu mukojo wakati umeshasahau ile futingi. Tafuta daraja, ao rudia njia yenye ulikujia.

Na ya magoti: kabla ya kusema ni gudro, angalia unakimbia pande gani ya barabara. Gudro haiko sawa meza, imeinama ku mitaro ili maji ya mvua itoke. Ukipita kila siku upande moja, muguu moja uko chini kila siku, mwingine uko juu. Ukija ku udongo utapata nafuu, ndiyo, lakini ukienda kilometa 15 siku ya kwanza utalia tena. Anza na tano, hatua fupi.

Yaya_wa_Brugge
Miye natoka komine ya Katuba lakini niko Ubelgiji mwaka wa tisa, nimecheka kusoma hapa juu kwetu ni kinyume kabisa, mahali pa tambarare na maji imejaa na batu ba kusalimia njo hakuna. Kutoka Brugge kuna mufereji moja unaitwa Damse Vaart, Napoleon njo alitoa amri bachimbe, na bafungwa ba vita wa Espanya njo walichimba. Umenyooka sawa kamba, unapita Damme paka Sluis, kule ni Uholanzi tayari, karibu kilometa 15. Miti mirefu huku na huku, yote imeinama upande moja juu ya upepo. Na hapo njo somo: mulima hauko, lakini upepo ni mulima. Nilianza kijinga, naenda nao mu mugongo, najiona champion, kiisha kurudi nikatembea na miguu nikilaani. Sasa natoka na upepo ku uso, narudia nao unanisukuma.

Kitu ingine yenye napendaka huku ni namba. Kila mahali njia mbili zinakutana wanaweka kibao na namba, unaandika ku mukono 42, 17, 56, unafwata, hupotee. Ni za kinga lakini miye nakimbia nazo. Ule mwenye aliwaza ile kitu alikuwa enjinia wa mugodi ya makaa ya mawe kule Limburg, alizoea chini ya udongo kila kona iko na namba, akaipandisha juu, ikaanza 1995. Nasema: mutu wa migodi! Na shiye L'shi na migodi yote hii, hakuna hata kibao ya kuonyesha kisima ya Mama Bilanga.

Kinga_Yangu
@Yaya_wa_Brugge ukiweka kibao cha chuma hapa, kesho yake iko mu mizani ya mutu wa mitrailles (vyuma vya kuuza) 😂

Nilisahau: mwezi wa munane na wa kenda usijaribu, banachoma majani, utarudi na koo nyeusi. Na mvua ikianza sana, mwezi wa kumi na moja paka wa tatu, udongo wa dembo unashika viatu, kila muguu kilo mbili. Wakati huo kaa Kasapa kwenye kuko juu kidogo.

Magoti_Yangu
Narudia kubapa habari. Nilienda juma hii, Kasapa, saa moja ya asubui, jua limeshatoka. Kilometa sita paka saba, sikufika 15. Yaya zangu, ile tambarare inadanganya: kwenda nilikuwa nateleza tu, nikasema miye ni kijana tena, kumbe nilikuwa nateremuka polepole ku dembo, na kurudi njo nikajua. Magoti haikulia lakini, hata kidogo. Nilisimama ku daraja ya miti nikaangalia maji, kabata kamoja kakaruka.

Nilikuta ba mama batatu banakata lengalenga. Nikasalimia. Moja akauliza, "Unakimbia nani?" Nikasema magoti. Walicheka paka nikasikia aibu, kiisha bakanipa munkoyo (kinywaji ya mihindi) mu kikombe ya plastiki na nikanunua mafungu mbili, nikarudi nyumbani nakimbia na mboga mu mikono, kartie yote inaniangalia. Mama Bilanga, haikuwa weye?

Mama_Bilanga
Hapana, miye siko upande wa Kasapa. Lakini mafungu mbili walikuuzia ngapi?